Tangi la AG100 ya baba: uzoefu wangu na dawa ya kupaka ndani

Pikipiki yenyewe ni Yamaha AG100, ile waliyokuwa wakipanda mabwana shamba: injini ya tu-stroki (mipigo miwili) ya cc 97, keria mbele na nyuma. Baba alifanya nayo kazi Muheza miaka mingi, na miguu ilipoanza kumsumbua akaiegesha bandani ikiwa na petroli nusu tangi. Hiyo nusu ndiyo iliyoleta balaa. Tangi likijaa, hewa haina pa kukaa. Likiwa nusu, hewa yenye unyevu, na huku kwetu Tanga unyevu haukosekani, hupoa usiku na kutoa jasho kwenye bati la juu. Maji hayo yanateremka chini ya petroli kwa sababu ni mazito kuliko petroli, yanatulia karibu na koki, na kutu inaanzia hapo.

Nilipoichukua kuifufua iliwaka vizuri, ikatembea dakika kumi, ikazima. Nikafungua bakuli la kabureta, nikakuta unga mwekundu laini kama ugoro. Nikasafisha jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, nikawasha, dakika kumi, ikazima tena. Nilifanya hivyo wiki nzima kabla sijakubali kwamba ugonjwa haukuwa kwenye kabureta.

Kwanza nilimpelekea fundi. Alitia kokoto na sabuni, akatikisa, akamwaga, na jioni ileile akapaka ndani kitu cheupe kama rangi ya mafuta. Nililipa elfu sitini nikaondoka na furaha. Haikufika miezi saba: nilimulika tochi kwenye mdomo wa tangi nikaona ngozi nyeupe imebanduka, inaning'inia kama utando wa maziwa, na kipande kimeziba koki. Simlaumu kwa nia, alitaka kunisaidia. Lakini alipaka juu ya mafuta na juu ya unyevu, na hakuna dawa inayoshika hapo.

Tangi jipya la AG100 nililitafuta Tanga na Dar nikalikosa. Ndipo nikaagiza seti ya POR-15 ya matangi ya pikipiki, ya Marekani. Ilikuja kwa meli ndani ya kontena la rafiki, maana kitu kinachoshika moto namna hii hukipandishi ndege ndani ya begi. Ndani kuna vitu vitatu: sabuni ya kuondoa mafuta, maji ya asidi ya fosfori ya kuandaa chuma, na dawa yenyewe ya kupaka, ya rangi ya fedha.

Kabla ya kuigusa seti nilikuwa na deni la ule weupe. Nilitia asetoni, nikafunika, nikaacha usiku kucha, nikamwaga uji mweupe. Nilirudia mara nne, nje, mbali na jiko na sigara za majirani. Kisha ikaja kazi ya kutu nene. Nilitumia mnyororo mkuukuu wa baiskeli niliofunga waya ili niuvute nje kirahisi. Ukitia nati moja moja, zihesabu, la sivyo moja itabaki inakugongea humo. Maji ya moto, sabuni ya seti, mnyororo, halafu mimi na mpwa wangu tukapokezana kutikisa. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama ya mto uliofurika. Ya sita ndiyo yaliyotoka meupe.

Hapo tangi ambalo halikuwa likivuja likaanza kuvuja. Lilikuwa na matundu matatu madogo kama ya sindano, na kutu ndiyo iliyokuwa imeyaziba. Likikutokea usiogope, ni afadhali uyajue sasa. Jirani yangu mwenye mashine ya kulehemu akaniambia, "Lete kaka, dakika moja tu." Nilikataa, na nakusihi nawe ukatae. Mvuke wa petroli hujificha kwenye maungio na ndani ya kutu hata baada ya kuosha, na tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Nilibandika utepe kwa nje kwenye matundu, nikaacha dawa iyazibe kwa ndani. Tundu la kupita njiti ya kiberiti lingehitaji kiraka.

Asidi unaizungusha ndani ili kila upande ubaki umelowa kwa kama nusu saa, kisha unasuuza. Bati linageuka kijivu chenye unga kidogo, na hilo ndilo unalotaka, maana bati tupu lililosuuzwa kwa maji peke yake hupata kutu mpya palepale ukilitazama.

Sasa kukausha, na hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi. Dawa hii hukomazwa na unyevu wa hewani, lakini ikikuta maji kwenye bati inatoa mapovu na haishiki. Tangi lina kona usizoziona, hasa nyuma, pale bati linapokunjwa kupita juu ya fremu. Niliazima drayi ya saluni ya dada yangu, nikalipulizia saa mbili, nikaligeuza, saa nyingine mbili. Nikadhani tayari. Nilipolisimamisha wima, tone moja likateleza kutoka kwenye mkunjo, likatulia mdomoni. Tone moja tu! Nikaanza upya na kuliacha juani siku mbili. Ningekuwa nimefanya kazi hii mwezi wa Aprili, katikati ya masika, nisingefanikiwa. Nilifanya Februari.

Kupaka kwenyewe ni robo saa. Tundu la koki nililiziba kwa kipande cha bati na mpira wa tyubu, nikakaza skrubu zake. Unamimina, unageuza tangi polepole pande zote, halafu unamwaga yote iliyobaki, na unaendelea kuichuruzisha. Ukiiacha itulie chini itakauka juu na kubaki mbichi ndani. Vaa glavu, maana ikikauka mkononi utakaa nayo siku kadhaa, na funika rangi ya nje ya tangi. Futa pia ukingo wa kopo kabla ya kurudisha kifuniko. Baada ya hapo ni saa 96 bila kugusa, siku nne kamili. Mimi niliacha sita.

Kwa bei siwezi kusema ni rahisi. Ukijumlisha seti, usafiri na asetoni, nilitumia zaidi ya mara nne ya zile elfu sitini. Kama una Boxer au TVS, usihangaike: nunua tangi jingine, yapo madukani. Dawa hii ni ya tangi lisilopatikana, au la pikipiki ambayo huwezi kuibadilisha na nyingine moyoni mwako.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Nimeweka filta ndogo ya kioo kati ya koki na kabureta ili nione kwa macho, na kila Jumamosi naiangalia: petroli inapita safi. Tangi nalijaza kila nikiegesha. Mwezi uliopita baba alikuja, akaomba tochi, akainama akachungulia kwenye mdomo wa tangi kwa muda mrefu. Kisha akakaza mfuniko mwenyewe na kuniambia, "Nipeleke hadi barabarani, mwanangu." Tulifika hadi Pongwe na kurudi, na haikuzima hata mara moja.