Maiki ya tarumbeta nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi baadaye na ipi uiache dukani

Mwezi huu peke yake vijana watatu wa hapa Lamu wameniuliza swali hili, wote wanapuliza tarumbeta na wanataka kujirekodi chumbani, na wote walikuwa wameshaamua kununua kondensa, ile aina ya maiki inayonasa sauti ndogo sana na kutaka umeme, manake kila video wanayoona mtu yuko mbele ya maiki nene ya kondensa. Hiyo maiki ni ya mwimbaji. Mwimbaji anataka kitu kinachosikia mpaka pumzi yake, sisi tunataka kitu kinachovumilia, kwa sababu tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu karibu na mdomo wake mpana inaweza kupita desibeli 120 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na makali yake yote yanatoka mbele kwa mstari mmoja, kama maji ya mpira. Ukilishika hilo utanunua vizuri hata kama orodha yangu hii hukuikubali.

Namba moja kwangu ni Shure SM57 na sioni aibu kusema hivo ingawa ni jibu la zamani, maiki yenyewe iko sokoni toka 1965. Ni dainamiki, aina ya maiki ngumu isiyotaka betri wala ule umeme wa volti 48 ambao kondensa hulishwa kupitia waya, na kelele za tarumbeta haziitii hofu kabisa. Inasikia kuanzia hertz 40 mpaka 15,000 (hertz ni kipimo cha sauti nene na nyembamba), na noti za tarumbeta ya kawaida, ya Bb, zinaanza kama 165 na kufika 930 hivi, huko juu zaidi ni ule mng'ao wa shaba tu, kwa hiyo hukosi kitu cha maana. Kuna watu watakwambia SM57 ni dhaifu inataka kuongezewa geini nyingi, yaani kukuzwa sauti sana, ni kweli ukiongea, lakini kwa tarumbeta geini inabaki chini kabisa na intafesi ya kawaida, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, kama Scarlett Solo inatosha na ziada. Kwao Marekani inauzwa kama dola 100, huku kwetu ongeza usafiri na ushuru.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. SM57 na ndugu yake SM58 zinaigizwa mno. Mimi niliagiza SM57 duka moja Mombasa, ikanifikia na boti ya Mokowe, boksi zuri, maandishi mazuri, kila kitu. Nilipoishika tu mkono ukakataa, nyepesi. Nikashuka nayo mpaka kwa mzee anayeuza viungo pale chini akatoa iliki kwenye mizani yake akaweka maiki, na SM57 ya kweli ina gramu 284, hii haikukaribia hata kidogo. Mzee akaigeuza akaigonga na kucha, ikalia tupu, akanambia, "Mwanangu, hii umeuziwa ganda." Kwa hivo ukienda dukani omba mizani, hata ya sukari, na bei ikiwa nusu ya maduka mengine usijiulize mara mbili, rudisha. Ukikosa SM57 lakini SM58 halisi ipo chukua hiyo, hata wazo la kuipuuza usiwe nalo, tofauti kubwa ni lile tufe la wavu wa waya kichwani.

Namba mbili ni kwa asiye na intafesi wala pesa ya intafesi: Samson Q2U. Nayo dainamiki, ina tundu la USB na tundu la waya wa kawaida wa maiki, kwa hiyo leo unachomeka kwenye kompyuta na kesho ukipata intafesi unaendelea na maiki hiyohiyo. Angalia jambo moja tu, ukichomeka USB shusha geini mapema kabla hujapuliza, na rudi nyuma kidogo, manake sauti ikishapasuka hakuna programu itakayoirekebisha.

Tatu naiweka Sennheiser MD 421, ya toka 1960, ina pete ya kupunguza besi yenye hatua tano na sauti yake ni pana kuliko SM57. Bei ni mara kadhaa. Ukiwa unalipwa kwa kupuliza nunua, kama bado subiri.

Nne ni riboni, aina ya maiki inayonasa sauti kwa ukanda mwembamba, na moyo wangu uko hapa kusema kweli. Royer R-121 kwenye tarumbeta ni asali, yale makali yanayokuna sikio yanalainika bila noti kupoteza uso wake. Lakini inapita dola 1,000, na ndani kuna ukanda wa alumini mwembamba sana ambao upepo peke yake unaweza kuuharibu. Sisi wa visiwani tunalala dirisha wazi, kusi ikiingia inapeperusha mpaka leso kwenye kamba, riboni utaiweka wapi? Tena inasikia mbele na nyuma sawasawa, kwa hiyo ukuta ulio nyuma yake nao unarekodiwa.

Tano, kondensa. Si kwamba haivumilii, Audio-Technica AT2020 kwa mfano inabeba mpaka desibeli 144. Shida ni kwamba inasikia kila kitu, punda anayepita uchochoroni, injini ya boti, jirani anatwanga, na zaidi ya yote inasikia chumba. Halafu kuna chumvi na unyevu. Kondensa yangu ya kwanza ilikaa kwenye stendi msimu mmoja tu ikaanza kutoa milio kama kuni mbichi zinaungua, tu tu tu, wakati hata sijaweka tarumbeta mdomoni. Kama unaipenda basi kila ukimaliza irudishe kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu, usiviweke pamoja na vitu vya watoto.

Blue Yeti iache kwa wanaoongea, mwisho wake ni desibeli 120 na sisi hapo ndo tunaanza. Maiki za kubana kwenye shati pia acha. Simu inafaa kujisikiliza mazoezi, iweke mita tatu hivi, lakini simu nyingi zinajishusha na kujipandisha sauti zenyewe, ukipuliza kwa nguvu na ukipuliza taratibu vinatoka sawa na hujui kosa lako liko wapi.

Chumba sasa, manake hapa ndo pesa inapotea bure. Nyumba zetu za mawe vyumba ni virefu vyembamba, upana umefuata urefu wa boriti za mikoko, dari iko juu, kuta zimepigwa chokaa laini, tarumbeta humo inazunguka kama nyuki kwenye mtungi. SM57 haisikii sana nyuma yake, basi simama uso wako uelekee dirishani na maiki iwe katikati, mgongo wake kwa dirisha, kelele za nje zitapungua. Lakini ukuta ulio nyuma yako wewe maiki inauona wazi, huo uzibe, ning'iniza blanketi zito au simamisha godoro, mkeka peke yake ni mwembamba mno. Ukiwa na zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, ukutani una bahati, zile pembe pembe zinavunja mwangwi.

Maiki iwe kama sentimita 30 mpaka 60 toka mdomo wa tarumbeta, na usiielekeze katikati kabisa, isogeze pembeni kidogo, makali yanashuka na mate na pumzi hazifiki. Ukiongeza umbali mara mbili sauti inashuka desibeli 6 hivi, kwa hiyo usiogope kurudi hatua moja kabla ya kugusa geini. Puliza kwanza ile sehemu yako ya nguvu kuliko zote, weka geini hapo, halafu ndo urekodi.

Na bakisha pesa ya stendi nzito. Nyepesi zinaanguka, sakafu zetu hazijanyooka, na maiki ikigonga saruji toka urefu wa kifua ndo unatafuta nyingine. Mimi nimefunga kifuko cha mchanga wa Shela kwenye mguu wa yangu na mpaka leo haijatikisika.