Uchambuzi: Mvinyo Mwekundu Mkavu wa Dodoma, Zabibu ya Makutupora

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Mezani leo nina mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, uliotengenezwa kwa zabibu ya Makutupora. Kama hujatimiza miaka 18, video hii si yako, tuonane kwenye nyingine.

Tuanze na rangi. Naisogeza glasi dirishani... mnaona? Damu ya mzee, na katikati karibu nyeusi. Ukinusa, unakutana na zambarau zilizoiva sana, halafu pilipili manga kwa mbali. Mdomoni hauna utamu wa sukari hata chembe. Ukakasi wake unashika ufizi kama chai ya rangi iliyochemkia majani kupita kiasi. Ukakasi huo unatoka kwenye maganda na mbegu, kwa sababu mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na rangi nayo hutoka humohumo. Kwa hiyo wewe uliyezoea Dompo, ule mvinyo mtamu, jiandae, huu ni mwingine kabisa.

Nguvu hiyo ina kwao. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni chache, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na vumbi, lakini usiku unapoa. Aliyewahi kushuka kule mwezi wa saba na nguo zake za Dar anajua. Wamisionari walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, na sasa mashamba yako Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na Makutupora kwenyewe, ambako kuna kituo cha utafiti wa zabibu.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, kwa hiyo mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima akipogoa, unachipua upya, naye anavuna mara mbili: Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Zabibu za Machi zimenyeshewa, zina maji mengi na ukungu huzisumbua. Za kiangazi hukusanya sukari na ladha zaidi. Chupa mbili za shamba moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana sana! Natamani viwanda vyetu viandike msimu wa mavuno kwenye lebo. Hii imeandikwa mwaka tu, na mnywaji anastahili kujua zaidi ya hapo.

Na mkulima naye anastahili soko. Zabibu ikishaiva haingoji mnunuzi, ndiyo maana wapo wanaokamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi wakisubiri viwanda. Ukinunua, angalia lebo kama zabibu ni za Dodoma kweli. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo wa bidhaa, na hilo linasaidia bei.

Kuhusu kuunywa: tumeambiwa mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji. Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za nchi za baridi. Chumba cha Sinza, Dar, mwezi wa Januari kinafika nyuzi 30, na mvinyo huu ukiwa na joto hilo, kilevi kinapanda puani na matunda hayasikiki tena. Glasi hii ya kushoto ilikaa mezani, hii ya kulia imetoka kwenye friji baada ya nusu saa. Ya kulia ni laini, zambarau zimerudi, ukakasi umetulia. Lenga nyuzi 16 hadi 18, usiugandishe, maana ubaridi ukizidi ukakasi unakuwa mkali.

Chakula chake ni mbuzi choma mwenye mafuta, mishkaki au pilau ya ng'ombe. Mafuta na chumvi vinaulainisha. Pilipili ya kuwasha iwe kidogo, kilevi huichochea. Pweza na samaki usiwaguse nao, mdomo utabaki na ladha ya chuma.

Mimi naupa 7 kwa 10. Ungefika 8 kama ladha isingekatika haraka baada ya kumeza. Ukibaki, rudisha kizibo na uweke kwenye friji, utakufaa siku mbili tatu.