Kabla ya Kulipia Buti la Ngozi, Ligeuze Uangalie Soli

Tangu mvua zianze nimepokea lalamiko la aina moja kutoka kwa watu wasiofahamiana kabisa. Kijana anayekata miti upande wa Itigi. Fundi wa kupaua anayefanya kazi Mtumba. Mama mwenye shamba la alizeti Kongwa. Wote walinunua buti jipya la kazi, likiwa kwenye boksi lake, na ngozi yake mpaka leo ni nzima. Kilichokufa ni soli. Imekatikakatika na kumwagika njiani kama biskuti iliyolowa.

Kwa hiyo leo sizungumzii namba ya mguu wala rangi, hayo kila mtu anayapima mwenyewe dukani. Nazungumzia soli, kwa sababu hela za watu zinapotelea hapo na karibu hakuna anayeikagua.

Mabuti mengi ya kazi yanayouzwa siku hizi yana soli ya poliurethani, lile povu gumu na jepesi ambalo kiwandani linamiminwa moja kwa moja chini ya ngozi. Ni laini, halichoshi mguu. Lakini unyevu wa hewani unalivunja kidogokidogo kutoka ndani, na joto linaharakisha kazi hiyo. Halisubiri uvae. Linazeeka humohumo kwenye boksi, hasa likifungiwa ndani ya nailoni. Sasa fuata safari yake: wiki kadhaa kwenye kontena baharini, kisha ghala la Dar es Salaam kwenye fukuto la pwani, kisha stoo ya jumla, ndipo lipakiwe kuja kwetu. Huku hewa ni kavu, kiangazi kinaanza Mei na kuisha Novemba, na muuzaji wa Dodoma atakuapia kuwa buti halijawahi kuguswa na maji. Anasema kweli kwa muda aliokaa nalo. Ila lilishaanza kuoza kabla halijaipita Morogoro.

Dawa yake ni kutafuta tarehe. Buti la sefti, yaani la usalama kazini, lililotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 linatakiwa liandikwe lilitengenezwa lini. Angalia lebo ya kwenye ulimi. Isipokuwepo, geuza soli utafute kiduara kidogo chenye namba 1 hadi 12 na mshale unaoonyesha mwezi, mwaka ukiwa katikati. Miaka 3 ikipita naanza kusita; ikifika 5 silinunui hata nikipunguziwa nusu ya bei. Halafu likunje kwa mikono yote miwili pale vidole vinapopinda, ulitazame juani. Ukiona vinyufa kwenye mkunjo, au ukibonyeza ubavu wa soli kwa ukucha ukabaki na ungaunga, mrudishie mwenyewe.

Nikiulizwa ninunue lipi, nataja Red Wing la mtumba, na upendeleo huu siufichi. Ni kampuni ya Minnesota, Marekani, iliyoanza 1905, na mabuti yake mengi yanashonwa: ukanda wa ngozi unazungushwa ukingoni, uzi unaikamata ngozi ya juu, na soli inashonewa kwenye ukanda huo. Soli ikiisha, fundi anafumua uzi wa chini na kushona nyingine bila kuigusa ngozi ya juu. Soli yenyewe ukiipata ya mpira, unyevu hauna la kuifanya. Pale soko la Sabasaba, Dodoma, ukiwahi asubuhi robota linapofunguliwa unaweza kulipata lenye ngozi nene bado. Jina peke yake lisikudanganye lakini, kwa sababu hao hao Red Wing wanatengeneza pia ya soli ya kumiminwa. Chungulia ukingoni. Mshono wa kweli una uzi unaouona ukizama kwenye ukanda. Wa urembo umemiminwa pamoja na soli, na ukiukwaruza hakuna uzi.

White's na Wesco ndiyo mabuti hasa ya wakata miti wa kaskazini-magharibi mwa Marekani, yamefunikwa juu ya kifundo na yana kisigino kirefu cha kung'ang'ania mteremko na magogo. Ukiyakuta, na unafanya kazi kwenye vilima vya Kondoa au Mpwapwa, usiyaache. Kwenye tambarare ya Manyoni kisigino kile kitakuchosha bure.

Baada ya hapo naweka mabuti ya kiwanda cha Karanga, Moshi, kile chenye ubia na Magereza. Hayavuki bahari, na hilo kwangu lina uzito mkubwa. Tarehe utaikagua vilevile.

Ya tatu ni sefti mpya za kutoka nje zenye tarehe ya karibuni. Hapa kwetu usichukue isiyo na kinga ya kuchomwa, maana mwiba wa mgunga hauna utani na unapenya povu bila shida. Kwenye toleo la 2022 la kile kiwango cha ISO 20345, herufi P maana yake kinga ni bamba la chuma. PL na PS ni kitambaa kigumu, na PS ndiyo iliyopimwa kwa msumari mwembamba zaidi. Mwiba ni mwembamba, kwa hiyo kati ya hizo mbili chagua PS. Na wewe unayeshika msumeno wa mnyororo, ngozi haizuii mnyororo unaozunguka, iwe nene namna gani. Buti la kazi hiyo linaandikwa ISO 17249, na daraja lake la kwanza hupimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde.

Za bei ya chini za ngozi bandia ziacheni. Gambuti ni la matope.

Sasa matunzo. Vumbi letu jekundu linanyonya mafuta ya ngozi, kwa hiyo lipige brashi kila jioni, hasa kwenye mikunjo. Likilowa, toa kamba, jaza magazeti, kausha kivulini. Usilisogeze karibu na jiko wala kuliweka juu ya bati. Gundi inaachia na ngozi inakakamaa. Huku Dodoma na Singida mafuta ya alizeti yako kila nyumba, na watu wanayapaka viatu. Acheni. Mafuta hayo yakikaa hewani yanaganda na kunata, vumbi linashika. Mafuta ya nyonyo hayagandi. Yayeyushe pamoja na nta ya nyuki kidogo, tena nta ya Manyoni tunayo, upake kiasi kwa kitambaa, zaidi kwenye mishono. Oili chafu ya gari iwe mbali, inaharibu mpira na gundi. Rangi ya kung'arisha inapendezesha tu, hailishi ngozi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Kuna wanaochukua mtumba wenye soli iliyopasuka, wanajaza gundi, wanapaka rangi nyeusi, kisha wanakuambia, "Dada, hii original, haijavaliwa." Ukitaka kulikunja wanalishika mkononi, eti utaliharibu. Buti la kukatia miti linaharibikaje kwa kukunjwa? Ukiomba risiti ya EFD, bei inapanda hapohapo, wakati risiti ni haki yako na wajibu wao. Bila risiti, soli ikimwagika mwezi wa pili huna pa kuanzia.

Na bei zenyewe! Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Nenda mnada wa Msalato Jumamosi uone wanyama waliojaa pale, halafu uangalie ngozi zao: chapa ya moto imepigwa ubavuni, mahali ambapo fundi angekata kipande kizuri cha buti. Wakati wa kuchuna kisu kinatoboa tena. Ngozi hiyo inauzwa kwa bei ya kutupa, na sisi tunalipia ngozi ya wenzetu pamoja na meli, ushuru na VAT ya asilimia 18. Mfugaji angepiga chapa shavuni au chini mguuni, na mchunaji akalipwa kwa ngozi isiyo na tundu, tungekuwa na pa kuanzia kubishana juu ya bei.