Unahamia Wayland? Kabla ya kununua kadi ya picha, uliza draiva

Malalamiko yanayonijia tangu watu waanze kuhamia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini ya Linux, yanafanana: kadi mpya, boksi halijafunguliwa, limeandikwa GB 4, lakini ukishaweka draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi, Wayland inagoma na unarudishwa X11, mfumo wa zamani. Inauma, kwa sababu kuhama kwenyewe kuna faida. X11 ni ya mwaka 1987, na humo programu yoyote inaweza kusoma unachochapa kwenye dirisha jingine, nywila ya benki ikiwemo. Wayland imeziba tundu hilo. Tena ukiwa na skrini ya 60 Hz na nyingine ya 144 Hz, kila moja inakwenda kwa kasi yake.

GB na feni zenye mataa siziongelei. Tatizo ni draiva. Kadi za NVIDIA za GT 710, na nyingi za GT 730, zina chipu za kizazi cha zamani kiitwacho Kepler, ambazo NVIDIA iliziachia kwenye draiva za toleo la 470. GBM, njia ambayo Wayland huitumia kufikisha picha kwenye skrini, iliingia kwenye 495, tawi lililofuata. Zimeachwa mlangoni! Ipo pia GT 730 yenye chipu ya Fermi, kizazi cha zamani zaidi, iliyokomea draiva ya 390. Jina ni lile lile, boksi ni lile lile.

Namba moja kwangu ni AMD, na sifichi. Draiva yake imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Unachomeka, unawasha, unafanya kazi. Chukua RX 6400: haihitaji waya wa ziada wa umeme, na zipo fupi zinazoingia kwenye zile kompyuta nyembamba za ofisini za mtumba. Anayerekodi video aiache, haina kisimbaji cha video (encoder). RX 550 nayo inatosha kwa kazi za kawaida.

Ya pili ni kutonunua. Prosesa ya Intel Core ya kizazi cha sita kuendelea, yenye chipu ya picha ndani yake, inaendesha Wayland vizuri bila kadi.

Ya tatu ni NVIDIA, kuanzia GTX 1650, kwa draiva ya 555 ya 2024 au mpya zaidi. GTX 1050 Ti inaishia draiva ya 580, iache.

GT 710 na 730 usizitazame, hata kwa bei ya kutupa. Wauzaji wanaandika "GB 4" kwa herufi kubwa, jina la chipu halipo popote, na ukiomba kufungua boksi unaambiwa lipa kwanza. Mwambie aandike jina la chipu kwenye risiti. Akikataa, nenda duka jingine.