Spitfire au T-34: uanze na ipi?

Anayeniuliza hapa Lamu aanze kuunganisha modeli ipi ya plastiki, humwambia: anza na T-34, kifaru cha vita. Spitfire, ndege ya kivita iliyoruka mara ya kwanza 1936, ina mabawa ya mita 11.23; kwa kipimo cha 1/72, yaani modeli ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, inabaki kama sentimita 16, inaenea kiganjani. Inapendeza mno, ila haifichi kosa. Kiungo cha tumbo usipokipiga puti ya kuziba nyufa na msasa hadi kidole kisihisi kitu, rangi itakianika. Na kile kioo cha rubani! Tone moja la gundi kali linakitia ukungu. Mimi hukibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

T-34 ya 1/35 ina bodi ya takriban sentimita 17. Rangi ni kijani kitupu, na michirizi ya brashi huzikwa chini ya tope na kutu. Tope langu ni mchanga wa Shela: uoshe chumvi, uanike, uuchekeche kwa kitambaa, kisha uuchanganye na gundi hiyohiyo. Kinachochosha ni magurudumu makubwa kumi na minyororo yake.

Upepo wa kusi ukivuma, vumbi hunata kwenye rangi mbichi. Kwenye bawa ni hasara. Kwenye kifaru halionekani.