Kutopapu simu ya zamani Kariakoo: bei yao sikatai, ila walichonifanyia sikubali

Jamani kama una simu ya zamani unataka kwenda kuitopapu, yaani unaitoa na kuongezea hela upate mpya, nisikilizeni kwanza. Duka silitaji jina, liko Kariakoo mitaa ya Aggrey kule ambako maduka ya simu yamebanana. Nimeenda juzi kati na Samsung A12 yangu, bado nzima, nataka tu kubadilisha. Nilishazunguka kwa wengine, huyu anasema elfu hamsini, yule anasema A12 hachukui kabisa, hawa wakaniambia themanini kama haina tatizo. Nikasema hapa ndo penyewe.

Wakaniomba kitambulisho na risiti, hapo sikukasirika hata kidogo maana simu za wizi zimejaa mjini. Kaka akabonyeza *#06#, akachukua ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu, akaituma 15090 kuona kama ni orijino, safi kabisa, mimi ni mmoja wa wale tuliozimiwa simu feki Juni 2016 najua uchungu wake. Akapapasa kioo kona zote, akamulika tundu la chaji na tochi. Mpaka hapo nampa maksi zote.

Alafu akasema, "Sista toa loki nicheki kamera." Nikatoa. Kaka akapiga picha moja ya dari, akaingia galari, nikajua anaangalia ile picha yake imetokaje. Weee! Anasukuma picha zangu kwa dole gumba moja baada ya nyingine kama yuko sokoni anachagua nyanya. Akafika kwenye picha ya mama, amelazwa, kilemba kimetolewa, dripu mkononi, tulimpiga ile picha ili kaka yetu aliyeko Mwanza aone hali yake. Akaivuta ikawa kubwa, akamgeuzia mwenzake aliyekaa kwenye benchi, "Oya mcheki bi mkubwa alivyochoka." Wakacheka. Mama yangu. Mgonjwa. Wanamcheka wanaume wazima mbele ya wateja.

Nikamwambia nipe simu yangu. Ananijibu, "Punguza jazba sista, si unaiuza?" Nauza simu kaka, mama yangu siuzi! Na hata hiyo simu tulikuwa hatujakubaliana, sijashika hata mia yake, kwa hiyo kila kilichomo humo bado ni changu.

Nikaanza kufuta vitu pale pale, ndo akageuka kabisa. Eti nikiifuta atajuaje kama inafanya kazi, kwa hiyo ikifutwa bei inashuka mpaka sitini, bora niache tu wataiflashi wenyewe baadaye. Yaani nimuachie picha za wazazi, picha ya kitambulisho cha NIDA, meseji zote za M-Pesa, vikao vya ukoo vya WhatsApp, alafu nilale nikiamini atafuta akipata nafasi? Na ni uongo mtupu, kwa sababu simu ikishafutwa inakaguliwa vizuri tu, kamera inawaka, spika inalia, chaji inaingia. Hata ikiwa na loki, Samsung nyingi ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili haraka kamera inafunguka bila pasiwedi na picha zako za galari hazionekani. Mtu anashinda na simu kutwa nzima hilo halijui?

Tena hiyo ya "iache tu" haina hata mantiki, maana akaunti ya Google unatakiwa uitoe kwenye setingi KABLA ya kufuta, usipoitoa simu ikiwaka inaweza kukuomba gmail na pasiwedi ile ile ya zamani na anayeinunua haimfai kitu. iPhone nayo iCloud hivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye simu ndo anatakiwa afanye mwenyewe: chati zipande kwenye Drive, namba ziende gmail, laini na memori kadi zitoke, akaunti itoke, ndo ufute.

Niseme haki lakini. Dada wa kaunta aliniomba msamaha, akasema themanini iko pale pale hata nikiifuta. Na simu zao mpya ni orijino, garantii wanaandika, rafiki yangu alinunua kwao na haijamsumbua mpaka leo. Kwa hiyo nilitaka niseme kununua nendeni, kutopapu msiende.

Ila hapana. Kadiri ninavyoandika ndo nakumbuka mwenye duka alikuwepo, kakaa kule ndani anahesabu hela, kasikia kila kitu, hakunyanyua hata uso. Nafuta kauli, hata kununua msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada.

A12 nimeifuta nyumbani nikampa mama mdogo ana genge Mbagala, anapokelea hela za wateja na kusomea meseji za vikoba, ameifurahia sana. Mpya nimenunua duka lingine kwa keshi, imeniuma mfukoni kweli kweli, ila sijutii.

Na mwenye duka kama unasoma hii, unajijua. Mtoe yule kaka kwenye kukagua simu za watu, na umwambie kwamba yule bi mkubwa aliyemcheka yuko hai na ana watoto.