Mahamri na mbaazi Mji wa Kale, nimempeleka rafiki yangu wa Kisumu

Jumamosi nilimpeleka rafiki yangu wa Kisumu kwa mama mmoja anauza chai asubuhi Mji wa Kale, Mombasa, si mbali na Fort Jesus, na jamani chakula cha pale ni kitamu. Mahamri yanatoka karaini yamefura, iliki unaisikia kabla hujatafuna, mbaazi nazo zimepikwa kwa tui zito la nazi, sio lile la kubabaisha.

Sasa mwenzangu akanitizama, mbaazi na kitu kitamu hivi, saa moja asubuhi? Kwao asubuhi ni chai ya maziwa na mkate ama viazi vitamu, mambo ya mbaazi na maharagwe yangoje ugali. Nikamwambia onja kwanza, akachovya kidogo, alafu akala mahamri manne na kuuliza kama tutarudi Jumapili.

Kahawa ndio ilimshinda. Alitaka sukari na maziwa, nikamweleza kahawa tungu ina tangawizi na inanywewa kikombe kidogo, utamu unaupata kwa tende ama halua unayotafuna nayo. Simlaumu, mimi pia nilipoenda kwao niliwekewa samaki ngege mzima na kichwa chake na mnavu mchungu, siku nzima nikawa natafuta nazi, lakini yule samaki mpaka leo namkumbuka.

Viti ni vichache na mbaazi zinaisha mapema, saa tatu ukikuta sufuria tupu usishangae. Bei poa, mama mkarimu, nendeni.